Paji lililobonyea: kurekebisha mvunjiko wa sinasi ya paji kwa mikato midogo

Siku ya kwanza huoni kitu. Mgonjwa amejigonga kwenye usukani, au ameanguka na pikipiki, au kiwiko cha mwenzake uwanjani kimemkuta juu ya nyusi. Paji limevimba, jicho limefumba, na ukipapasa unakutana na uvimbe mtupu. Siku ya 8 au ya 10 uvimbe unashuka. Mkalishe karibu na dirisha, mwanga umpige kwa upande, ndipo utakapokiona: kivuli kidogo cha mviringo, kama alama ya kidole gumba kwenye udongo mbichi. Hapo ndugu huanza kuuliza operesheni ni lini.

Zamani jibu lilikuwa moja. Mkato unaanzia sikio hadi sikio kupitia utosini, ngozi ya paji inabanduliwa na kukunjwa hadi usawa wa macho, mifupa inapangwa mbele ya macho yako. Mkato huo bado una kazi yake, lakini unaacha kovu refu ambalo kipara kikianza halina pa kujificha, nywele zinazogoma kuota kandokando ya kovu, ganzi ya kichwa, na mara nyingine nyusi isiyonyanyuka kwa sababu tawi la neva ya uso limejeruhiwa panjani. Kwa bonyeo la milimita chache, ni wagonjwa wachache wangekubali hayo wakielezwa sawasawa.

Mwongozo huu ni wa daktari anayejifunza upasuaji wa pua, koo na masikio, au wa taya na uso, na tayari ana mwalimu wa kusimama naye mezani. Niseme mapema ninachokiamini: ukubwa wa bonyeo usikuharakishe. Cha kukunyima usingizi ni njia ya ute. Sinasi ya paji ni chumba kilichotandikwa utando unaotoa ute mchana na usiku, na mlango wake uko chini, unashukia puani. Bonyeo linaweza kusubiri miezi. Mlango ukiziba, ute hautasubiri mtu.

Hatua ya 1: Mtazame mtu mzima, paji baadaye

Ukuta wa mbele wa sinasi hii ni mfupa mgumu, wenye unene wa milimita 2 hadi 12. Kilichoweza kuuvunja kina nguvu ya kutikisa ubongo na kuvunja shingo. Kwa hiyo njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, shingo, alama za Glasgow (kipimo cha kiwango cha fahamu) na macho vinatangulia. Pima uwezo wa kuona kwa kila jicho peke yake kabla kope hazijavimba kabisa, maana saa mbili baadaye huenda usiweze kulifungua. Angalia umbali kati ya kona za ndani za macho. Ukiwa umeongezeka, mvunjiko umeteremka hadi mzizi wa pua, na hesabu zote zinabadilika.

Usipitishe mpira wowote puani bila kuona unakokwenda. Ukuta wa chini wa fuvu ukiwa umevunjika, mpira wa tumbo unaweza kuishia kichwani. Upitishe mdomoni.

Halafu uulize kuhusu maji. Mwinamishe mbele kama shingo imeshathibitishwa kuwa salama. Maji meupe yanayodondoka kama machozi, au ladha ya chumvi kooni anapolala, ni maji ya ubongo mpaka ithibitike vinginevyo. Kipimo cha kuaminika ni beta-2 transferini, protini inayotambulisha maji ya ubongo. Ile duara ya damu na maji kwenye shashi, ambayo wengi tulifundishwa, inadanganya: machozi na mate yakichanganyika na damu huchora duara hilohilo.

Hatua ya 2: Soma CT kutoka nyuma kuja mbele

Omba vipande vyembamba, milimita 1 au chini ya hapo, na picha zipangwe kwa pande tatu: ya mlalo, ya mbele na ya ubavu. Wengi huishia kwenye ya mlalo kwa sababu ndiyo inayoonyesha bonyeo vizuri. Jizoeze kulitazama bonyeo mwisho.

Anza na ukuta wa nyuma. Ni mwembamba, sehemu nyingine haufikii hata milimita 1, na umegusana na utando wa ubongo. Je, umevunjika? Kama umevunjika, vipande vimesogea kuliko unene wa ukuta wenyewe? Kuna hewa ndani ya fuvu?

Kisha nenda kwenye sakafu ya sinasi na njia ya ute, na hapa picha ya ubavu ndiyo yenye maneno. Dalili tatu zinanifanya niamini kwamba njia imeumia: sakafu ya sinasi imevunjika, kipande cha mfupa kimekaa ndani ya njia, au ukuta wa mbele umevunjika upande wa ndani kabisa, karibu na mzizi wa pua. Sinasi iliyojaa kitu cha kijivu siku ya kwanza haithibitishi kuziba, kwani hiyo mara nyingi ni damu tu. Itakuwa na maana ikibaki vilevile wiki ya 6 au ya 8.

Mwisho ndipo upime bonyeo kwa milimita, na uandike liko wapi ukilinganisha na mstari unaopita katikati ya mboni. Mstari huo utauhitaji mbele.

Kumbuka pia umri. Mtoto huzaliwa bila sinasi hii. Huanza kuonekana vizuri kwenye picha akiwa na miaka 6 hadi 8, na hufikia ukubwa wake mwishoni mwa ujana. Hata baadhi ya watu wazima wanayo upande mmoja tu. Kwa mtoto mdogo paji lililobonyea ni mvunjiko wa fuvu, mpigie daktari wa ubongo.

Hatua ya 3: Amua nani hafai

Njia za mikato midogo ni nzuri kwa waliochaguliwa vizuri, na kuchagua huku ndiko kunakompa mpasuaji jina zuri au baya. Mimi huanza kwa kuwaondoa wasiofaa. Ukuta wa nyuma umesogea na maji ya ubongo yanavuja: huyu ni wa timu pamoja na daktari wa ubongo, na pengine ataishia kuondolewa ukuta wa nyuma wote ili ubongo ukae mahali pa sinasi, utaratibu ulioelezwa mwaka 1978 na bado una nafasi yake. Uvujaji bila mfupa kusogea sana ni jambo jingine. Mlaze kichwa kikiwa juu, usimruhusu kupenga wala kujikamua, mwangalie kwa muda wa hadi wiki moja. Mara nyingi hukauka wenyewe. Paji lililosagika vipande vingi kuanzia kwenye nyusi hadi juu nalo halitapangika kupitia tundu la sentimita 2.

Waliobaki ni wale wenye ukuta wa mbele pekee, au ukuta wa mbele pamoja na njia ya ute yenye mashaka. Bonyeo la chini ya milimita 2 liache, halitaonekana. Kati ya 2 na 6, unene wa ngozi na umbo la paji ndivyo vitakavyoamua, na hakuna anayeweza kuapa siku ya kwanza. Likizidi 6, mwambie mgonjwa wazi kwamba huenda likabaki kuonekana.

Je, njia ya ute ikiwa na mashaka lakini ukuta wa nyuma ni mzima? Hapa ndipo mambo yamegeuka kuliko kwingine. Kizazi cha walimu wetu kilijaza sinasi kwa mafuta ya tumboni na kuifunga moja kwa moja. Leo tunaweza kuiacha, kurudia CT baada ya wiki 6 hadi 8, na ikiwa bado imeziba tunafungua mlango kupitia puani kwa endoskopu, kamera nyembamba ya kuchungulia ndani. Sharti ni mgonjwa anayerudi. Kama anaishi mbali na unajua moyoni hatarudi, hesabu hii haikufai, na usimlaumu yeye baadaye.

Hatua ya 4: Sasa hivi, au baadaye?

Mifupa unayotaka kuinyanyua ishughulikiwe ndani ya siku 7 hadi 10, uvimbe ukiwa umepungua kiasi cha kuona unachokifanya lakini mfupa haujashika. Niliwahi kujaribu siku ya 18. Kijana alikuwa mzuri wa kuchaguliwa, kipande kimoja kikubwa, nikajiona bingwa. Kipande hakikusogea hata unywele. Nilivuta, nikasukuma, skrubu ikang'oka na chenga za mfupa, na baada ya dakika 40 nilikuwa natafuta idhini niliyopaswa kuwa nimeichukua asubuhi. Alipona, lakini kwa kovu ambalo tungeweza kulikwepa kwa kusubiri tu.

Baada ya wiki mbili hivi, acha. Mfupa ushike, uvimbe uishe kabisa, na miezi 2 hadi 4 baadaye mtazameni pamoja kwenye mwanga wa pembeni. Wengine watasema halionekani, au linaonekana lakini haliwasumbui. Hao umewaponya bila kisu. Wanaosumbuka watajazwa bonyeo, kama nitakavyoeleza kwenye Hatua ya 6.

Hatua ya 5: Kunyanyua mapema

Kuna jeraha wazi juu ya mvunjiko? Pitia humo. Hakuna tuzo kwa mkato mpya pembeni ya mkato uliotolewa bure na ajali.

Ngozi ikiwa nzima na kipande ni kimoja, kikubwa, kisichosagika, kuna mbinu ya kukivuta kwa skrubu. Unachoma ngozi milimita 3 au 4 ndani ya mkunjo wa paji, unatoboa katikati ya kipande kwa kekee ndogo yenye kizuizi, unafunga skrubu ya milimita 1.5 au 2 ikiwa imesimama nje, unashika kichwa chake kwa koleo la sindano, kisha unavuta moja kwa moja kuelekea kwako. Ukibahatika utasikia mlio mdogo, kama kifuniko cha kopo kinachorudi, na mkono unaopapasa utahisi paji limenyooka. Kizuizi cha kekee si pambo. Nyuma ya nafasi ile kuna ukuta mwembamba. Kipande kikirudi chini ukiachia, kinahitaji pleti, kibati cha kushikilia mfupa, na pleti inahitaji mlango mkubwa zaidi.

Mlango huo mara nyingi ni mkunjo wa kope la juu. Ukikata ndani ya mkunjo wenyewe, milimita 8 hadi 10 juu ya kope zinapoota, kovu litajificha kila mgonjwa anapofumbua macho. Linda konea kwa kikinga au mafuta. Ingia chini ya msuli unaofumba jicho, panda mbele ya utando unaozuia mafuta ya jicho, fika kwenye ukingo wa mfupa, kisha kata utando wa mfupa juu kidogo ya ukingo na uubandue kwenda juu. Neva ya juu ya jicho inatoka takriban sentimita 2.7 kutoka katikati ya uso: itafute, usingoje ikushtue. Endoskopu inakuonyesha kilicho juu zaidi ya pale macho yako yanapofika. Njia hii inafaa mivunjiko ya chini, karibu na nyusi. Ile iliyo juu sana itakuchosha.

Puani nako kunafikika. Mgonjwa anainuliwa kichwa kama nyuzi 15 hadi 20, pua inapakiwa pamba yenye adrenalini mpaka utando unyauke, kisha unaondoa kile kijifupa chenye umbo la ndoana, unafungua seli ya aga nasi (kijichumba cha hewa kilicho mbele ya njia ya sinasi) na kusafisha njia yenyewe. Ufunguzi unaitwa kwa jina la Wolfgang Draf, mpasuaji wa Ujerumani aliyeupanga kwa ngazi. Draf IIa unapanua kutoka ukuta wa jicho hadi kwenye konka ya kati (kijifupa kilichopinda ndani ya pua), IIb unafika hadi ukuta wa katikati ya pua, na III unaunganisha pande zote mbili kuwa mlango mmoja. Kwa kamera ya nyuzi 70 na vyombo vilivyopinda unasukuma kipande kutoka ndani, kidole cha mkono wa pili kikiwa kwenye ngozi kukipokea. Wapo wanaokishikilia kwa puto la katheta ndani ya sinasi kwa siku kadhaa. Ule mstari wa katikati ya mboni unarudi hapa: mvunjiko ulio nje yake kwa kawaida hutaufikia kupitia puani, hata ukipindisha mkono namna gani. Faida kubwa ya njia hii ni kwamba unarekebisha mlango na ukuta kwa safari moja.

Hatua ya 6: Kujaza bonyeo lililopona

Hii ndiyo ninayoipenda. Haina haraka, na inamhudumia mtu ambaye tayari ameamua anachokitaka.

Kabla ya chochote, CT mpya. Ukuta wa mbele uwe umeshika bila pengo, sinasi iwe safi na yenye hewa. Kipandikizi kinachogusana na sinasi iliyo wazi kitaoza, na hilo linaihusu hata saruji ya haidroksiapataiti, madini yanayofanana na ya mfupa, ambayo wengine huipenda.

Chora bonyeo mgonjwa akiwa macho, ameketi, taa ikimpiga kwa upande. Ukingoja alale usingizi, ngozi inateleza kuelekea masikioni na utachora bonyeo la mtu mwingine. Mpe kioo, achore naye. Mara nyingi anachokiona yeye ni ukingo mmoja tu wa juu, si shimo zima uliloliona wewe.

Choma dawa ya ganzi, lidokeini ya asilimia 1 yenye adrenalini ya 1 kwa 100,000, ngoja dakika 10 kweli, kwa saa. Mkato wa kazi wa sentimita 3 hadi 5 unakaa ndani ya nywele, kama sentimita 3 nyuma ya zinapoanzia, ukielekea mbele-nyuma ili neva zinazopanda ziachwe salama. Mkato wa kamera, sentimita 1 hadi 2, uko usawa huohuo, takriban sentimita 6 kuelekea katikati. Shuka hadi mfupani. Bandua utando wa mfupa kwa kupapasa mpaka ukaribie mvunjiko, kisha ingiza kamera ya nyuzi 30 na uende ukiona.

Ndani ya bonyeo utando umenata kuliko kwingine, na mfupa chini yake ni mwembamba. Bandua kutoka pembeni kuingia katikati, polepole. Ukitumbukia ndani ya sinasi, acha kipandikizi kwa siku nyingine.

Sasa kipimo. Chukua sindano nyembamba ya geji 25, ichome kupitia ngozi kwenye kila ukingo uliouchora, na uitazame kwenye skrini inapotokeza mfupani. Ndipo utakapojua alama ya ngozi na shimo la mfupa vinakutana wapi; vinatofautiana, wakati mwingine kwa nusu sentimita. Kata kipandikizi chenyewe, karatasi ya polietilini (aina ya plastiki) yenye vitundu, ya unene wa milimita 0.85, ifuate umbo hilo. Ongeza tabaka la pili katikati kama shimo ni la kina, na nyembamisha kingo mpaka kidole kisihisi zinapoishia. Wino kidogo upande wa juu utakuokoa, kwa sababu ikishaingia ndani kipande cha duara hakina kichwa wala miguu.

Kiingize, kikalishe, kisha choma ngozi milimita 2 au 3 kwenye mkunjo na ufunge skrubu moja au mbili za kujitoboa, zenye urefu wa milimita 4 au 5. Zitie kwenye mfupa mnene wa pembeni, siyo juu ya shimo lenyewe, zisije zikachungulia ndani ya sinasi. Papasa paji lote kwa kidole kilicholowa, ukiwa umefumba macho. Kidole kina ukali ambao skrini haina. Shona, funga bandeji ya kubana siku moja au mbili.

Idhini ya operesheni hizi zote iwe na sentensi inayosema kwamba mkato mkubwa unaweza kuhitajika. Ilikuwa inakosekana kwenye karatasi ya yule kijana wa siku ya 18.

Hatua ya 7: Wodini na nyumbani

Kichwa juu kwa nyuzi 30. Asipenge kwa wiki 2 hadi 4, akipiga chafya afungue mdomo, asinyanyue mizigo. Antibiotiki ni dozi moja kabla ya mkato na isizidi saa 24 baada yake, isipokuwa kuna jeraha chafu au uambukizo. Waliopitiwa puani waoshe kwa maji ya chumvi mara utakapowaruhusu, maana magaga yakiachwa yanaziba mlango uliouhangaikia. Ganzi ya paji hurudi kwa miezi, na inarudi kwa kuwasha. Mwambie mapema ili asidhani anaharibika.

CT irudiwe baada ya miezi 3 hivi, na tena baada ya mwaka. Ukishaona hewa ndani ya sinasi unaweza kupumua kidogo. Kidogo tu, kwa sababu utando ulionaswa kati ya mifupa hutengeneza mfuko wa ute unaokua kimya, na unaweza kujitokeza miaka mingi, hata makumi ya miaka, baadaye. Huvimbisha juu ya kona ya ndani ya jicho bila maumivu, na husukuma jicho chini na nje. Ukiambukizwa huleta homa na uvimbe laini wa paji, na njia ya kwenda ubongoni ni fupi.

Mgonjwa hatakumbuka jina lako wala jina la mvunjiko. Kwa hiyo kwenye karatasi ya kuruhusiwa mimi huandika kwa herufi kubwa, chini ya tarehe: "Mfupa wa sinasi ya paji ulivunjika. Ukiona uvimbe karibu na jicho, kuona viwiliviwili, au homa na kichwa kikali, hata baada ya miaka 20, mwonyeshe daktari karatasi hii upigwe CT." Halafu namwomba aipige picha kwa simu na kumtumia ndugu mmoja, nami nasubiri mpaka aitume.